Boksi la Simu ya Mwalimu Placidius

"Simu zote za zamani zilizoletwa wiki hii," alisema Sajenti Ainebyona. "Ziweke hapa juu."

Isihaka hakuinua uso. Alikuwa akifuta kioo cha kaunta kwa kitambaa, mahali palepale, kama vile hakuna mtu mbele yake. Duka lake lilitazamana na stendi ya Kayanga, na tangu babu yake ahamie mji huu kutoka Pangani na marobota ya khanga, familia yao haikuwahi kupenda askari avuke kizingiti.

"Nina leseni, afande. Kodi nalipa. Kama unatafuta chaja ya bure, wenzako walishapita juzi."

"Sikuja kwa chaja."

"Hati ya upekuzi unayo?"

"Ninayo. Na nje nina gari, na ndani ya gari mna nafasi ya mtu mmoja. Tuanze na ipi?"

Isihaka akasonya, akafungua droo.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, na Ainebyona hakuwa na muda wa kusonywa. Jumamosi jioni, mwalimu mstaafu Placidius alikutwa kati ya mibuni yake kule Chonyonyo, kisogo kimepasuka, simu yake haipo. Mdogo wake, Elipidius, aliandika maelezo kituoni kwamba alimwona Umutesi, mfanyakazi wa ndani, akitoka mbio kwenye mibuni na simu ya marehemu mkononi. Umutesi alikamatwa jioni hiyohiyo, kitenge chake kina damu. Alisema damu ilimpata alipojaribu kumwinua mzee. Nani amsikilize? Alikuwa amevuka mto akitokea ng'ambo, hana kitambulisho, hana shangazi wala mjomba wilaya nzima, na Chonyonyo ilishamhukumu kabla gari la polisi halijafika. Leo saa nane mchana angepandishwa kizimbani kwa mauaji, kosa lisilo na dhamana. Watu huingia mahabusu kwa kosa hilo na nywele nyeusi, wakatoka na mvi.

Simu haikukutwa kwake. Mkuu wa upelelezi, Afande Gosbert, alisema Umutesi aliitupa mgombani akikimbia. Ainebyona alisema mtu hamuui mwenzake kwa ajili ya simu halafu akaitupa. Wakaachana hapo, kila mmoja na hasira zake.

Tangu Jumapili Ainebyona alikuwa ameiomba familia ya marehemu kitu kimoja tu, boksi la ile simu. Huku watu hawatupi boksi. Hulifunga kwenye kitambaa na kuliweka juu ya kabati miaka nenda miaka rudi, kwa sababu simu isiyo na boksi ukiipeleka dukani unaambiwa ni ya wizi. Ubavuni mwa boksi mna namba za simu yenyewe, na kwa namba hizo polisi huweza kuifuatilia. Jumatatu boksi halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano Gosbert alimwambia aache kuchezea makaratasi. Ndiyo maana leo alikuwa akizunguka madukani, na hili la Isihaka lilikuwa la nne.

Simu zilikuwa saba. Kila moja ilikuwa na kikaratasi cha gundi mgongoni, na juu yake Isihaka ameandika siku iliyopokelewa. Ainebyona alizipanga, kisha akaanza kupekua maboksi. La tano lilikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, mwandiko wa ubaoni, uliosimama wima: *Mali ya Mwl. Placidius. Si ya kuazimwa.*

Alilinganisha namba za ubavuni na zile zilizochapwa mgongoni mwa kila simu. Za simu moja zilikuwa zilezile.

"Hii ameileta nani?"

"Mwanamke." Jibu lilikuja haraka mno. "Msichana hivi, mwembamba, Kiswahili chake cha ng'ambo. Nadhani ndiye huyo mliyemkamata."

"Lini?"

"Hiyo siku... siku ile ya tukio, jioni."

Ainebyona aliigeuza simu, akakisogeza kikaratasi mpaka chini ya pua ya Isihaka. "Soma. Mwandiko ni wako."

Isihaka alitazama stendi.

"Jumanne," Ainebyona alimsomea. "Jumanne huyo msichana alikuwa ana siku ya tatu sakafuni kwenye sero yangu. Alitoka na ufunguo gani kuja kununua kwako?"

"Wateja ni wengi, afande. Mtu anachanganya."

"Hujachanganya. Umedanganya. Sasa tazama nyuma yako."

Nyuma ya Isihaka palikuwa na bango la manila aliloliandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Kila aliyeleta simu ya zamani kubadilishiwa mpya alitakiwa kwanza kuhamisha picha zake, kisha atoe laini na memori, atoe akaunti yake, na baada ya hapo ndipo afute kila kitu. Aje na boksi na kitambulisho, na apigwe picha akiwa ameshika simu yake. Chini kabisa aliongeza kwa herufi kubwa: HATUPOKEI SIMU ILIYOFUNGWA.

Ainebyona aliiwasha simu ya mwalimu. Ilimsalimu, ikamuuliza lugha, ikatafuta mtandao, kisha ikagoma. Ilitaka akaunti iliyokuwa ikitumika mwanzo.

"Mwenye simu huondoa akaunti kwanza, ndipo anafuta," alisema. "Asiyejua namba ya siri huizima, akabana vitufe vya ubavuni, akaifuta kwa nguvu. Ikiamka inamuulizia mwenyewe. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nilidhani mzee kasahau. Nina fundi pale Omurushaka, huwa anafungua."

"Mzee yupi?"

Isihaka alikivuta kile kitambaa, akaanza tena kufuta kioo.

"Sasa hivi alikuwa msichana mwembamba. Mzee yupi, Isihaka?"

"Wewe unataka nifunge duka!" Alikitupa kitambaa kwenye kaunta. "Mkisikia nimepokea simu ya marehemu mtabeba na zile halali! Nani atanilipia? Wewe?"

"Nitakachobeba ni wewe, saa hii, kwa kupokea mali ya wizi na kumsingizia mtu aliye mahabusu. Au unionyeshe picha. Bango linasema kila mtu hupigwa picha."

Isihaka alivuta droo ya chini. Kisha akatoa simu yake ya dukani, akatafuta, akaigeuza imwelekee Ainebyona. Kwenye picha alisimama mwanamume wa miaka hamsini na kitu, koti la kijivu, boksi la mwalimu limekumbatiwa kifuani, simu mkono wa kulia. Alikuwa Elipidius. Picha ilipigwa Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, siku moja baada ya kumzika kaka yake.

"Alisema ametumwa na familia," Isihaka alinung'unika. "Akachukua mpya, ile ya kijani. Nikaona ana boksi, nikajua ni halali."

"Mwalimu mwenyewe ulimfahamu?"

"Alikuja Jumatano ya wiki iliyopita. Alisimama hapo ulipo nusu saa nzima akinakili bango kwenye daftari la mistari. Akaniuliza akaunti ni nini, nikamweleza, akaniuliza tena. Akasema anataka kwanza zile picha za miti ya mpaka wa shamba lake zihame salama, ndipo abadilishe. Hata nukta alinakili."

"Mtu wa namna hiyo angesahau kutoa akaunti?"

Isihaka aliliangalia bango lake mwenyewe kana kwamba limemsaliti. "Hapana," alisema.

Ainebyona alifunga simu na boksi kwenye bahasha ya vielelezo, akachukua picha na maelezo yenye sahihi. Akiwa mlangoni alimpigia Gosbert.

"Simu imepatikana, afande. Aliyeibadilisha ni Elipidius."

"Na atasema kaka yake alimpa mwenyewe," Gosbert alijibu. "Kijiji kizima kinajua mzee alitaka kubadili simu. Ana koti, ana ukoo, ana wakili mjini. Wewe una nini?"

"Nina boksi."

"Boksi haliapi mahakamani, Sajenti. Niletee mtu anayesema kwa mdomo wake. Saa nane kamili yule msichana yuko kizimbani." Akakata.

Uchungu wa jambo ni kwamba alikuwa sahihi, na Ainebyona alimchukia zaidi kwa hilo.

*

Koplo Theoneste aliendesha bila kuongea mpaka Chonyonyo. Nyumba ya marehemu ilikuwa katikati ya kibanja, migomba pande zote na mibuni chini yake. Uani palifungwa turubai. Wanaume wa ukoo walikaa mbele kwenye viti na mabenchi. Wanawake walikaa ndani, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, na katikati yao mjane, Deodatha, ambaye kwa desturi ya hapo asingetoka nje ya ua mpaka tanga lianuliwe.

"Poleni na msiba," Ainebyona alisema.

Mzee mmoja alitema mate pembeni na kusema kwa Kinyambo kwamba serikali sasa imeanza kutuma wasichana misibani kunusa chakula.

"Mimi ni wa Nkwenda, mzee wangu," Ainebyona alimjibu kwa Kinyambo hichohicho. "Nimekusikia vizuri. Shikamoo."

Mzee akaangalia kiatu chake. Elipidius alisimama. Lilikuwa koti lilelile la kijivu, na kwenye mfuko wa kifuani ilichungulia simu ya kijani.

"Binti, muuaji mnaye kwenu. Huku unatafuta nini?"

"Simu nzuri hiyo, baba. Mpya?"

Alijigusa kifuani kabla hajajizuia. Watu wawili watatu waligeuza shingo.

"Nilibadilisha," alisema, sauti imetulia kabisa. "Kaka alinipa ya kwake Ijumaa, siku moja kabla hajauawa. Simu na boksi lake. Alisema nenda Kayanga kanibadilishie, macho yangu hayaoni vizuri. Mungu akamchukua kabla sijaenda. Ukoo ukasema nikaibadilishe, niitumie kwa shughuli za msiba."

"Na simu uliyoandika kwenye maelezo yako kwamba Umutesi alikimbia nayo?"

"Ni nyingine. Itakuwa ya kwake, nitajuaje? Niliona simu."

"Uliandika 'simu ya marehemu kaka yangu.'"

"Nilikuwa na uchungu! Damu ya kaka yangu ilikuwa bado haijakauka!" Aligeukia mabenchi, mikono ameifungua. "Mnamwona huyu? Anatafuta namna ya kumwachia mgeni aliyemuua ndugu yenu!"

Mngurumo ulipita chini ya turubai. Mtu mmoja alisimama na fimbo. Theoneste alisogea karibu na mlango wa gari, mkono kiunoni. Ainebyona aliona kwamba akibishana hapa hatafika saa nane wala saa kumi. Akawapita wote, akavua viatu, akaingia ndani.

"Mjane hahojiwi akiwa juu ya nyasi!" mzee wa mate alimpigia kelele kutoka nyuma.

Aliketi sakafuni mbele ya Deodatha. Alikuwa mama wa miaka sitini, macho yamevimba, mabega yamekakamaa. Alizaa mabinti wawili tu, mmoja kaolewa Bweranyange na mwingine Kihanga. Mtoto wa kiume hakuwa naye, na huku kila mtu alijua maana yake: nyumba ile na migomba ile vingekuwa vyake kwa kadiri wanaume wale wa nje watakavyopenda.

"Mmeshamnyonga?" Deodatha aliuliza. Hakusalimu. "Nilimlisha miaka miwili yule nyoka. Siku ile nilimpiga kofi mpaka mkono ukaniuma, na bado halinitoshi."

Kumtetea Umutesi mbele yake ingekuwa kazi bure. Ainebyona akaacha jina hilo kabisa.

"Mama, mimi nimekuja kulalamika. Jumapili niliagiza niletewe boksi la simu ya mwalimu. Leo Alhamisi. Mbona mmelikalia?"

"Nani amelikalia?" Deodatha aliinuka kidogo kwa hasira. "Msinifanye mpumbavu kwenye msiba wangu. Nililitoa juu ya kabati chumbani kwangu na kumkabidhi shemeji..."

"Ijumaa." Elipidius alikuwa amesimama mlangoni, amejaza fremu. "Ijumaa, shemeji. Kaka alinipa mwenyewe. Wewe umechanganyikiwa na msiba, tunajua."

Deodatha alimtazama. Halafu akamtazama Ainebyona, aliyekuwa ametoa boksi kwenye bahasha na kuliweka juu ya nyasi, mwandiko wa bluu ukiwa juu. Akalisoma. Akanyoosha kidole, hakuligusa.

"Limetoka wapi?"

"Dukani Kayanga, pamoja na simu. Ilipelekwa Jumanne, saa saba mchana."

Wanawake walijisogeza karibu. Ainebyona alitamani kumtikisa yule mama mabega.

"Shemeji," Elipidius alisema, sasa kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele zake. "Jumamosi ukoo unakaa juu ya kibanja hiki. Mimi ndiye nitakayesimama upande wako. Fikiri vizuri kabla hujatuaibisha mbele ya watu wa serikali. Ilikuwa Ijumaa."

Ainebyona aliangalia saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tano na nusu. Kisha yule mama akaanza kuongea, si kwa polisi bali kwake yeye shemeji, kwa sauti ya mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Ijumaa mume wangu alikuwa na simu yake. Jumamosi mchana aliondoka nayo kwenda kupiga picha ile miti ya miramura uliyoing'oa mpakani. Aliniambia akishazihamisha picha atazipeleka baraza la kata. Nikakuambia wewe mwenyewe ulipopita kunywa rubisi. Mimi ndiye niliyekuambia yuko wapi."

"Mwanamke!"

"Jumanne asubuhi ulikuja hapa, juu ya nyasi hizi, ukasema polisi wanataka boksi ili wamshike vizuri yule msichana. Nikasema mimi siwezi kutoka, nipelekee. Nilikukabidhi kwa mikono miwili, Elipidius. Nikakushukuru."

Kutoka kwenye kona ya wanawake mtu alianza kulia. Elipidius alipiga hatua ndani, ngumi imefungwa, na Theoneste, aliyekuwa ameingia nyuma yake, akamdaka mkono. Pingu ililia mara mbili.

"Umeyasema hayo, ukayaweke kwenye karatasi," Ainebyona alimwambia Deodatha. "Na utie sahihi."

"Akitia sahihi," mzee wa mate alisema kutoka uani, bila kupaza sauti, "ajue analala wapi kuanzia leo."

Hakuna mwanamume aliyempinga. Walimtazama mjane wao, wote, na hapakuwa hata na jicho moja la huruma. Wengine walianza kusimama na kukung'uta suruali, wakiondoka msibani kabla chakula hakijaiva, tusi ambalo kwa hapo halisahauliki.

Deodatha alijifunga khanga kiunoni.

"Kalamu," alisema.

Aliandika maelezo yote kwa mkono wake, maana mke huyo wa mwalimu hakuwa mtu wa dole gumba. Alipomaliza hakumrudishia Ainebyona kalamu. Alitoka naye mpaka nje ya ua, juu ya majani makavu ya migomba, mbele ya watu wote, akiwa na nguo za msiba na tanga halijaanuliwa, akafungua mwenyewe mlango wa mbele wa gari la polisi, ambamo Elipidius alishaketishwa nyuma na pingu.

"Mama, si lazima uje," Ainebyona alisema.

"Nilimpiga mtoto wa watu," Deodatha alijibu. "Endesha."

*

Afande Gosbert aliyasoma maelezo amesimama. Akayasoma tena. Ilikuwa saa saba kasorobo.

"Umeniharibia jalada," alisema.

"Nimekukamilishia, afande."

Alimtazama kwa chuki ya kweli, chuki ya mtu atakayelazimika kupiga simu na kukiri kosa kwa mkubwa wake. Kisha akaandika kwenye kitabu cha mahabusu, akapiga mstari kwa rula, akamtupia askari wa zamu ufunguo.

Umutesi alitoka akiwa peku. Shavu la kushoto lilikuwa bado limevimba. Askari wa zamu alimweleza kwa maneno machache kwamba yuko huru, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akarudi kwenye chai yake. Umutesi alitia sahihi polepole. Alipogeuka alimwona Deodatha kwenye benchi la mapokezi, akarudi nyuma hatua moja.

Deodatha alisimama. "Haikuwa wewe," alisema. "Nilikosa. Nilikupiga, nikawaambia watu wakuue. Nisamehe, mwanangu."

Umutesi aliinama, akachukua ndala zake kutoka kwenye rundo la mali za mahabusu, akazikagua kama ni zenyewe, akavaa.

"Gari litaturudisha," Deodatha alisema. "Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, mama?"

Aliuliza bila ubaya. Alitaka kujua. Deodatha aliwakumbuka wale wanaume na kibanja chao, akageuka kumtazama Ainebyona, na Ainebyona, ambaye tangu asubuhi hakukosa neno kwa mtu yeyote, akainamisha macho kwenye sahihi ya Umutesi iliyokuwa bado mbichi kitabuni. Yule mama akaketi tena benchini. Baada ya muda Umutesi naye akaketi, ncha ya pili ya benchi.